Usingizi Hauji kwa Kuitwa

Saa nane usiku. Nyumba nzima imelala fofofo, mwili wako umechoka, macho yanawasha, na bado hujapata hata lepe la usingizi. Umelalia ubavu wa kulia, ukahamia wa kushoto, mto umeugeuza hadi pande zote mbili zina joto. Unatazama saa na kupiga hesabu: nikipitiwa sasa hivi nitalala saa nne. Baada ya kitambo unatazama tena: zimebaki tatu na nusu. Moyo unaanza kwenda mbio. Kesho nitafanyaje kazi?

Mtu akikesha hivyo usiku mmoja, husahau. Akikesha miezi, huanza kuiogopa magharibi inapoingia. Nilikuwa huko kwa karibu mwaka mzima baada ya kufiwa, na siwezi kuliandika jambo hili kana kwamba nalitazama kwa mbali. Wakati ule kila niliyekutana naye nilimuuliza swali moja: ninywe nini? Vidonge vya usingizi nilikuwa naviogopa, kwa hiyo nilitaka kitu cha asili: jani, mzizi, mafuta ya kudondoshea kwenye mto. Nilijaribu vingi. Leo swali hilohilo naulizwa mimi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kosa limo ndani ya swali lenyewe.

Tumekihama kidonge tukahamia mmea, lakini fikra tumekwenda nayo ileile. Bado tunadhani usingizi ni kitu kilichopungua mwilini, na kwamba kiko mahali fulani kitu cha kumeza kitakachoujaza. Njia ya asili yenye ushahidi mzito kuliko zote haimezwi wala haipakwi. Ni ngumu, haina harufu nzuri, na hakuna anayeweza kuiweka kwenye chupa akaiuza. Nadhani hiyo ndiyo sababu hatuisikii.

Kwanza nitoe haki pale inapostahili: hofu ya vidonge si ushamba. Dawa za usingizi na wasiwasi za kundi la benzodiazepini zilianza kuuzwa mwaka 1960, zikitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach, na diazepamu ikafuata mwaka 1963. Zilipokelewa kama ukombozi, maana zile zilizozitangulia, babitureti, ziliua kwa urahisi mtu akizidisha kipimo. Ilichukua muda mrefu kukubalika kwamba hizi nazo zina madhara yake. Mwili huzizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na mtu akiziacha ghafla wasiwasi na kukesha humrudia kwa nguvu kuliko mwanzo, pengine pamoja na kifafa. Kwa wazee zinaongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la utegemezi liwekwe kwenye dawa zote za kundi hili, tena onyo la ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo anayetafuta njia nyingine ana sababu. Ila yule ambaye tayari anazitumia asiache kwa siku moja. Apunguze kidogo kidogo huku daktari akimwangalia.

Sasa turudi kwenye mwili. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich alitoa maelezo ya usingizi ambayo hadi leo ndiyo msingi wa fani hii. Alisema usingizi unaongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza inafanana na deni. Tangu unapofungua macho asubuhi, ubongo unaofanya kazi hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyorundikana ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala, deni linalipwa. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, kundi dogo la seli ndani ya ubongo linalopanga mzunguko wa karibu saa 24: lini joto la mwili lipande, lini lishuke, lini homoni ipi itolewe. Saa hii hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi.

Mtu hulala vizuri nguvu hizi mbili zinapokutana: deni likiwa kubwa, na saa ikisema sasa ni usiku. Ukilielewa hili, mambo mengi yanayotajwa kama siri za usingizi yanajieleza yenyewe. Kahawa, kwa mfano, haikupi nguvu yoyote. Kafeini huenda kukaa kwenye vipokezi vya adenosini, kwa hiyo deni lipo palepale ila ubongo hausomi hesabu yake. Nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na wapo watu ambao miili yao huitoa polepole zaidi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, miligramu 400 za kafeini zilizotumiwa saa sita kabla ya kulala ziliwapunguzia watu zaidi ya saa nzima ya usingizi. Usingizi wa mchana nao ni kulipa deni kabla ya wakati, halafu tunashangaa usiku hakuna anayedai. Pombe nayo humwangusha mtu haraka, kisha humkatakata usingizi katika nusu ya pili ya usiku, na anayeitumia kama dawa anapaswa kulijua hilo.

Melatonini ndiyo bidhaa inayotajwa zaidi siku hizi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitambua mwaka 1958. Hutolewa na tezi ndogo katikati ya ubongo giza linapoingia, na kazi yake ni kuujulisha mwili kwamba usiku umefika. Ni mpiga mbiu tu, haiwezi kulala kwa niaba yako. Ndiyo maana inawasaidia wale ambao saa yao imehama: msafiri aliyevuka kanda nyingi za saa, au kijana ambaye mwili wake hauko tayari kulala hadi saa tisa usiku. Kwa mtu ambaye saa yake iko sawa lakini kichwa hakitulii, msaada ni mdogo. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha majaribio 19 ulionyesha kwamba melatonini huwahisha usingizi kwa wastani wa dakika saba. Dakika saba si bure, lakini haziwezi kumwokoa aliyekesha saa tatu.

Isitoshe, kilichoandikwa kwenye chupa si lazima kiwemo ndani. Mwaka 2017 watafiti nchini Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini. Nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kiasi kilichotajwa, nyingine zilizidi kwa asilimia 478, na katika bidhaa nane walikuta serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambayo haikutajwa kabisa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima pipi 25 za kutafuna zinazouzwa kama melatonini, na 22 zilikuwa na kipimo tofauti na kilichoandikwa. Mtu anayekwepa kidonge cha hospitali kwa kuogopa kemikali anaishia kumeza kiasi asichokijua cha kemikali asizozijua.

Na hapa ndipo neno asili linapotupoteza. Tunalisikia kana kwamba maana yake ni salama. Mwaka 1989, nchini Marekani, watu waliokuwa wakitumia triptofani, kijenzi cha protini kilichouzwa madukani kwa ajili ya usingizi na huzuni, walianza kupata maumivu makali ya misuli na damu zao kujaa seli nyeupe za aina moja. Waliougua walizidi 1,500, na angalau 37 walikufa. Uchunguzi ulielekea kwenye uchafu uliotokea kiwandani. Wale watu walikuwa wanatafuta kulala tu. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki, ulipendwa sana Ulaya kama dawa ya wasiwasi hadi ripoti za ini kuharibika zilipoifanya Ujerumani kuuondoa sokoni mwaka 2002. Baadaye jaribio la wiki 16 nchini Australia, lenye watu 171 wenye ugonjwa wa wasiwasi, lilipochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba kava haikushinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani kinachotolewa kwa ajili ya kulinganisha, na vipimo vya ini vilivyoharibika vilikuwa vingi zaidi kwa walioitumia. Ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India unaotajwa kila kona sasa, ina majaribio madogo yenye matokeo ya kutia moyo, lakini pia zipo taarifa za kuumiza ini, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya kuchanganya. Hypericum perforatum, mmea wenye maua ya manjano unaotumiwa kwa huzuni na wasiwasi, huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Mwaka 2000 ilionekana kwamba ulipunguza kiwango cha indinavir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kwa zaidi ya nusu. Hufanya hivyohivyo kwa baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa dawa zinazozuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Mgonjwa anaweza kumeza dawa zake kwa uaminifu kila siku na zisimfae, kwa sababu ya chai aliyoiona haina neno. Ukitumia mmea wowote, mwambie daktari wako hata asipouliza. Mara nyingi hataki kukugombeza, hajui tu.

Siandiki haya ili kuzika mitishamba yote. Mafuta ya lavenda katika vidonge vya miligramu 80 yamefanyiwa majaribio ya kueleweka. Moja la mwaka 2010 lilikuta yanapunguza wasiwasi sawa na lorazepamu, moja ya zile benzodiazepini, ya miligramu 0.5, ingawa hicho ni kipimo kidogo cha lorazepamu na fedha za utafiti huu zilitoka kwa mtengenezaji. Kamomili, ua linalotengenezewa chai, ilionyesha nafuu ya wastani kwa wenye ugonjwa wa wasiwasi katika jaribio la watu 57 lililochapishwa mwaka 2009. Ila ilipojaribiwa kwa watu 34 wenye tatizo la muda mrefu la usingizi, tofauti kati yake na dawa bandia haikuonekana. Valeriani, mzizi unaotumiwa kuleta usingizi, imechunguzwa miaka na miaka na majibu yake bado yanapingana. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri madaktari wasiitumie valeriani, melatonini wala triptofani kutibu ukosefu wa usingizi wa muda mrefu kwa watu wazima. Kikombe cha kamomili jioni sikikatai. Kina joto, kinamfanya mtu akae chini, kinafunga siku. Pengine nusu ya faida yake iko kwenye kule kukaa chini. Ninachokataa ni kukitwisha mzigo usio wake.

Kwa nini basi usingizi ukipotea haurudi wenyewe? Swali hili lilijibiwa vizuri na mwanasaikolojia Arthur Spielman katika miaka ya 1980, na jibu lake ndilo lililonibadilisha mimi. Alisema ziko sababu za aina tatu. Kuna maumbile, maana wengine tumezaliwa na usingizi mwepesi. Kuna tukio linalouvunja: msiba, deni, mtoto mchanga, kesi, ugonjwa. Halafu kuna yale tunayoyafanya sisi wenyewe ili kuurudisha, na haya ndiyo yanayoulinda ukosefu wa usingizi usiondoke hata tukio likishapita. Tunaenda kitandani mapema ili tuupe usingizi nafasi. Tunabaki kitandani asubuhi kufidia. Tunasinzia mchana. Tunafuta safari, tunapunguza kazi, tunatazama saa, tunasoma habari za usingizi kwenye simu usiku wa manane. Kila hatua ina mantiki ya huruma, na kila moja inapunguza deni la usingizi au inaivuruga saa ya mwili. Mbaya zaidi, kitanda kinageuka. Mwili unajifunza kwamba hapa ni mahali pa kukesha na kuhangaika. Wengi wenu mnaijua hali hii: mtu anasinzia kwenye kiti mbele ya televisheni, lakini akifika tu kitandani macho yanakauka.

Mwanasaikolojia mwenzake, Richard Bootzin, alikuwa ameliona hilo tangu mwaka 1972, na maagizo yake yanatoshea kwenye kipande kidogo cha karatasi. Usiende kitandani kwa sababu saa imefika. Nenda ukiwa unasinzia. Kitanda kiwe cha kulala na cha tendo la ndoa, basi. Usipopata usingizi kwa kadirio la dakika 20, bila kutazama saa, ondoka uende mahali pengine penye mwanga hafifu, ufanye jambo la utulivu, urudi pale tu usingizi unapokuja. Rudia mara ngapi? Mara zote zitakazohitajika. Asubuhi amka saa ileile kila siku, umelala au hukulala, ikiwemo siku ya mapumziko. Usilale mchana.

Spielman akaongeza hatua ambayo kila ninayemweleza hunitazama kana kwamba nimechanganyikiwa: punguza muda wa kukaa kitandani. Kwa wiki moja au mbili andika kila asubuhi makadirio ya saa ulizolala. Tuseme unakaa kitandani saa nane na nusu, lakini unalala saa tano na nusu kwa wastani. Basi utakaa kitandani saa tano na nusu tu. Ukichagua kuamka saa kumi na mbili asubuhi, hutaingia kitandani kabla ya saa sita na nusu usiku, hata macho yawe yanafunga saa tatu. Chini ya saa tano hushuki. Ukishaona kwamba sehemu kubwa ya muda wa kitandani unalala kweli, kama asilimia 85 au zaidi, unaongeza dakika 15, unasubiri wiki, unaongeza tena.

Wiki ya kwanza ni mbaya, na sitaki kumdanganya mtu. Unatembea kama umebeba mchanga, hasira ziko karibu, na kuanzia saa nne usiku unapigana na kiti usisinzie. Lakini ndani ya siku hizo deni linarundikana kwa namna ambayo halijawahi kwa miezi, na usiku mmoja unaingia kitandani na kushtuka kumekucha. Kwangu ilikuwa usiku wa tisa. Nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba kile kitu ndani yangu kimekufa. Kumbe kilikuwa kinasubiri nikipishe.

Njia hizi mbili, zikiunganishwa na kuzipima upya imani za kutisha tunazojijengea kuhusu kukesha, ndizo zinaitwa tiba ya utambuzi na tabia kwa ukosefu wa usingizi. Mwaka 2015 uchambuzi wa majaribio mengi ulionyesha kwamba inawahisha usingizi kwa takriban dakika 19 na kupunguza muda wa kukaa macho katikati ya usiku kwa dakika 26. Linganisha na zile dakika saba. La muhimu zaidi, faida yake hubaki baada ya matibabu kwisha, wakati ya kidonge huondoka na kidonge. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa tiba cha Marekani kilitangaza kwamba hii ndiyo iwe tiba ya kwanza kwa mtu mzima yeyote mwenye ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, kabla ya dawa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ulisema hivyohivyo. Mimi hii ndiyo naiita tiba ya asili bila kusita, maana kinachotibu ni deni na saa ambazo mtu amezaliwa nazo.

Wapo wanaopaswa kujihadhari. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, anayetembea usingizini, dereva au anayeendesha mitambo mikubwa, wasijipunguzie muda wa kulala bila msimamizi, kwa kuwa kunyimwa usingizi kunaweza kuwadhuru wao au wengine. Kwao maagizo ya Bootzin yaweza kutosha.

Wasiwasi una mlango wake. Mtu anaweza kuwa na deni kubwa na saa iliyo sawa, na bado mwili ukakataa, kwa sababu ubongo unaamini kuna hatari, na mwenye hatari mlangoni halali. Kumwambia mtu huyu atulie ni kama kumwamrisha aliyezama akauke. Kinachowezekana ni kupitia mwilini. Tunapotoa pumzi, neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo, tunapovuta, yanapanda. Kwa hiyo pumzi inayotoka polepole kuliko inavyoingia, kama mara sita kwa dakika, inaupelekea mwili ujumbe ambao maneno hayawezi. Daktari Edmund Jacobson, katika miaka ya 1920, alifundisha jambo la aina hiyo kwa misuli: kaza mkono, uhisi ulivyokaza, kisha uachie, halafu mabega, taya, miguu. Wengi hawajui kwamba wamekaza taya hadi waiachie. Fanya mazoezi haya mchana kwa wiki kadhaa kabla ya kuyategemea usiku, kwa maana ukiyafanya kitandani kwa nia ya kulala yanageuka kuwa mtihani mwingine wa kushindwa.

Hilo la mtihani aliliona Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna. Aliwaambia wagonjwa wake wasiolala wajaribu kukaa macho makusudi. Lala gizani, macho wazi, usihangaike, ukatae kulala. Hofu ya kutolala ikikosa kazi, mara nyingi usingizi huja wenyewe. Usingizi ni miongoni mwa mambo machache ambayo juhudi huyaharibu, na hili linawaumiza hasa watu wenye bidii, waliozoea kwamba ukikazana unapata.

Mawazo ya kesho nayo yana tiba rahisi inayonipendeza. Katika utafiti wa mwaka 2018, watu 57 walilala maabara usiku mmoja. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo, nusu nyingine mambo waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipitiwa na usingizi mapema kwa dakika tisa hivi, na waliofafanua zaidi walilala haraka zaidi. Kichwa kinakariri kwa kuogopa kusahau. Ukiipa karatasi mzigo huo, kinapumzika. Mimi huandika baada ya chakula cha jioni, mbali na chumba cha kulala.

Kutafakari kwa utulivu, kule kurudi kwenye pumzi kila akili inapozurura, kumepata uthibitisho ambao wengi hawakuutarajia. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani la watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Nusu walipewa esitalopramu, dawa inayotumiwa sana, na nusu wakaingia katika mafunzo ya wiki nane yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Mwishoni nafuu ililingana. Lakini msomaji asikimbilie kusema basi dakika tano za programu ya simu zinatosha. Wale watu walihudhuria darasa la saa mbili na nusu kila wiki, wakafanya mazoezi ya dakika 45 nyumbani kila siku, na wakatoa siku nzima ya mwisho wa wiki. Dawa ilikuwa rahisi kuliko hayo, na aliyeichagua hakufanya kosa. Mazoezi ya viungo nayo hupunguza wasiwasi na kuimarisha usingizi, na ni bora yafanyike kwenye mwanga wa asubuhi, kwa kuwa hapo mtu anairekebisha na saa yake. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia kwa njia ya kushangaza: damu inakuja kwenye ngozi, joto la ndani linashuka, na kushuka huko ni moja ya ishara ambazo mwili huzisubiri ili ulale.

Kuna jambo moja linaloniudhi katika maandishi mengi kuhusu wasiwasi: yanazungumza kana kwamba kila wasiwasi ni hitilafu ya kichwa. Anayedaiwa na hana, anayeishi na mtu anayempiga, anayefanya kazi usiku wiki hii na mchana wiki ijayo, huyo hakukosea kupumua. Wasiwasi wake unasema kweli. Kumpa mafuta ya kunusa na kumwacha na tatizo lake ni kumwonea mara ya pili. Kuna usingizi utakaorudi pale tu ratiba ya kazi itakaporekebishwa, au mtu atakapopata mahali salama pa kulala, na wanaotoa ushauri wa afya waseme hivyo waziwazi.

Vilevile si kila kukesha ni ukosefu wa usingizi. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, kisha mchana anasinzia hata akiwa anaongea, huenda njia yake ya hewa inaziba usiku, na hakuna chai itakayoifungua. Miguu inayotambaliwa na kukataa kutulia jioni inaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma. Moyo kwenda mbio, jasho, kukonda na kukosa usingizi huweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Na anayeamka alfajiri kila siku akiwa na uzito kifuani na mawazo kwamba heri asingekuwepo, huyo asisubiri majaribio ya wiki nane. Amwambie mtu leo, aende hospitali leo.

Kwa walio wengi, ambao wamekesha usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa zaidi ya miezi mitatu, kikwazo ni kwamba hakuna wa kuwaongoza. Wataalamu wa tiba hii ni wachache karibu kila mahali, na mtu akiingia kwa daktari mwenye foleni ndefu nje, dakika zilizopo zinatosha kuandika jina la kidonge. Ndiyo maana jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 linanipa matumaini kuliko mmea wowote niliowahi kuusikia. Wauguzi wa kawaida katika vituo vya afya 35, si wanasaikolojia, walipewa mafunzo mafupi ya kuwafundisha wagonjwa ile njia ya Spielman ya kupunguza muda wa kitandani. Walikutana na kila mgonjwa mara nne, nyingine kwa simu. Washiriki walikuwa 642. Baada ya miezi sita, waliofundishwa walikuwa wanalala vizuri zaidi waziwazi kuliko wale waliopewa karatasi ya ushauri tu.

Mikutano minne na muuguzi, daftari na kalamu. Hakuna kituo cha afya kinachoshindwa vitu hivyo. Fedha na muda vinavyotumika kuandika, kutangaza na kununua chupa za usingizi vingetosha kumfundisha muuguzi mmoja katika kila kituo, na nawaomba wanaopanga mafunzo ya wahudumu wa afya waliweke somo hili kwenye ratiba zao. Hadi hapo watakapofanya hivyo, anayeniuliza anywe nini usiku wa leo namuuliza kwanza huwa anaamka saa ngapi, kisha namwambia atafute daftari.